Ngozi ya Ndani ya Pipa: Mitambo ya Kupaka Lami Mapipa ya Bia na Vyombo vya Pombe vya Goma

Pombe huwafikia wanywaji wa Goma kwa njia mbili zinazopishana kila siku katika mitaa ile ile iliyojengwa juu ya mawe ya volkano ya Nyiragongo. Bia ya viwandani huja ndani ya chupa za kioo zilizopangwa katika makreti, ilhali kasiksi, yaani pombe ya ndizi inayotengenezwa mashambani, huteremshwa kutoka vilimani ikiwa ndani ya madumu ya plastiki, ambayo wenyeji wa mji huo huyaita bidoni, yakiwa yamefungwa juu ya chukudu, ule mkokoteni wa mbao wa magurudumu mawili unaosukumwa kwa mguu. Pipa la mbao halimo katika njia yoyote kati ya hizo mbili. Hata hivyo, kwa karne nyingi pipa hilo ndilo lililobeba bia ya Ulaya na baadaye ya Marekani, na swali ambalo mafundi wake walilijibu kwa moto na lami lingali likimkabili kila mtu anayetia kinywaji kilichochachuka ndani ya chombo: ni kitu gani hasa kinachogusana na kinywaji hicho?

Mbao, hata iwe ngumu kama ya mwaloni, haizuii kila kitu. Ndani yake mna mirija midogo iliyokuwa ikipitisha maji wakati mti ulipokuwa hai, na mirija hiyo haizibiki kwa sababu tu mti umekatwa, ukapasuliwa vibao, na vibao hivyo vikapindwa na kubanwa kwa pete za chuma. Bia ya aina ya lager, ambayo huchachushwa polepole na kulazwa katika baridi kwa majuma mengi, hushika ndani yake hewa ya kaboni dayoksaidi inayoipa povu na ukali wake, na hewa hiyo hutoroka kidogo kidogo kupitia mirija ya mbao, huku oksijeni ikiingia kutoka nje na kuiharibu ladha. Mwaloni pia una tanini, kemikali ileile inayoleta ukakasi katika chai iliyokolea, ambayo bia huifyonza ikikaa. Lakini balaa kubwa zaidi ni viumbe wasioonekana kwa macho, kwa kuwa bakteria wanaotengeneza siki na hamira za mwituni hujificha katika vitundu vya mbao ambako brashi na maji ya moto havifiki, kisha huivamia kila bia mpya inayomiminwa.

Dawa iliyopatikana ilikuwa kuipa mbao ngozi ya ndani. Lami inayozungumzwa hapa haina uhusiano na ile ya barabarani itokanayo na mafuta ya petroli. Hii hutoka katika utomvu wa misonobari na miti jamii yake, ambao ukichemshwa na mvuke wake kukusanywa hutoa tapentaini, na kinachobaki chini huganda kuwa kitu cha rangi ya kahawia, kigumu na chepesi kuvunjika kama kioo, kiitwacho kolofoni. Kolofoni peke yake ingepasuka na kubanduka pipa linapogongwa au kuvingirishwa, kwa hiyo iliyeyushwa pamoja na mafuta ili iwe laini kiasi, na ustadi mkubwa wa mtengenezaji wa lami ulikuwa katika kipimo hicho, kwa sababu lami ngumu mno hupasuka kwenye baridi na lami laini mno huteleza kutoka kwenye mbao na kuipa bia harufu ya msitu. Waroma walipaka lami ya namna hiyo ndani ya mitungi yao ya udongo ya kuhifadhia divai, na divai ya Wagiriki iitwayo retsina ingali ikitiwa utomvu wa msonobari kwa makusudi, kwa ajili ya watu waliokwisha kuizoea ladha ambayo zamani ilitokana na namna ya kuhifadhi divai. Watengenezaji wa bia hawakuwa na subira hiyo. Walitaka lami isiyoonjeka kabisa.

Katika njia ya kale kazi hii ilifanywa kwa mikono na kwa ujasiri. Mfuniko mmoja wa pipa uliondolewa, lami ya zamani ikawashwa moto humo humo ndani hadi ikayeyuka na kumwagwa, kisha lami mpya iliyochemka ikamiminwa, mfuniko ukarudishwa, na watu wakalivingirisha pipa huku na huku ili lami ienee kila pembe kabla ya kuganda. Kwa kuwa hewa iliyofungiwa ndani ilipata joto na kutanuka, kizibo kiliweza kuruka kama risasi, nacho kikifuatwa na matone ya lami ya moto yasiyotoka kwenye ngozi ya mtu kwa kuoshwa. Pipa lilihitaji kurudiwa mara kwa mara, kwa kawaida kila mwaka au kabla ya hapo, na kiwanda chenye maelfu ya mapipa kilijikuta kikiendesha karakana nzima ya moto pembeni mwa nyumba ya kupikia bia.

Viwanda vya lager vilipopanuka katika nusu ya pili ya karne ya 19, kazi hiyo ilikabidhiwa mitambo, na ubora wa mitambo hiyo ulikuwa katika jambo moja dogo, yaani kuweza kufanya kila kitu kupitia tundu la kizibo, bila kulifungua pipa. Hatua ya kwanza ilikuwa kuondoa lami ya zamani. Feni ilisukuma hewa kupitia tanuri la makaa, na hewa hiyo yenye joto kali ikaelekezwa kwa bomba ndani ya pipa lililogeuzwa tundu likiwa chini, hata lami ikayeyuka na kutiririka nje kwa uzito wake yenyewe. Fundi alilazimika kuutazama muda kwa makini, kwa maana dakika chache za ziada zilitosha kuunguza mbao, na mvuke wa lami uliochanganyika na hewa kwa kadiri fulani uliweza kulipuka, ukalipasua pipa pamoja na pete zake.

Hatua ya pili ilikuwa kunyunyiza lami mpya. Mtambo wa kunyunyizia ulikuwa na birika kubwa la chuma lenye moto chini yake, kipimajoto, pampu, na mabomba yaliyosimama wima, kila moja likiwa na pua yenye vitundu nchani. Pipa liliwekwa juu ya bomba hivi kwamba pua iliingia ndani kupitia tundu la kizibo, pampu ikafunguliwa, na lami yenye joto la nyuzi 200 hivi za Selsiasi ikarushwa juu na pembeni kama manyunyu, ikipiga kila ubao, kisha ile iliyozidi ikarudi chini kupitia tundu lilelile na kuingia tena birikani. Baadaye ilionekana kwamba lami hiyo ya moto yenyewe yaweza kuyeyusha tabaka la zamani na kuacha jipya mahali pake, na kwa njia hiyo hatua mbili zikawa moja na hatari ya hewa ya moto ikapungua sana. Huu ndio uvumbuzi unaostahili sifa kuliko mwingine wote katika ufundi huu, ingawa ulikuwa na gharama yake, kwa sababu lami inayozunguka siku nzima hukusanya uchafu wa mapipa yote na huungua polepole, na isipochujwa na kubadilishwa kwa wakati huipa bia uchungu usiotokana na mmea wa hopsi.

Kilichofuata kilikuwa kazi ya mwendo tu. Pipa lililokwisha kunyunyiziwa liliwekwa juu ya mtambo wa kuvingirishia, wenye magogo ya chuma yanayolizungusha taratibu linapopoa, ili lami isijikusanye upande mmoja na kuacha upande mwingine ukiwa mtupu. Mwishoni mkaguzi alitumbukiza taa ndogo iliyofungwa kwenye waya na kuchungulia kupitia tundu. Sehemu iliyopakwa vizuri iling'aa, na doa lisilong'aa lilimaanisha kwamba pipa linarudi mwanzo.

Si nchi zote zilizokubali ngozi hiyo. Watengenezaji wa Uingereza, ambao bia yao iliuzwa mapema na haikuhitaji kushika hewa nyingi, walipendelea mwaloni mtupu ulioletwa kutoka pwani ya Baltiki kupitia bandari ya Memel, ambayo leo ni Klaipėda nchini Lithuania, kwa kuwa mbao yake haikuipa bia ladha kali. Kinyume chake, katika mji wa Plzeň, nchini Cheki, ambako bia ya dhahabu ya Pilsner Urquell ilianza kupikwa mwaka 1842, bia ililazwa katika mapipa makubwa ya mwaloni yaliyopakwa lami ndani ya mahandaki yenye urefu wa kilomita 9 hivi hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990, ndipo matangi ya chuma kisichoshika kutu yakachukua nafasi yake. Kiwanda hicho kingali kina mafundi wa mapipa, na kiasi kidogo cha bia hulazwa kwa njia ya zamani kwa ajili ya wageni na kwa ajili ya kulinganisha ladha. Kwingineko duniani mapipa ya chuma na ya alumini yalikwisha kuifuta kazi hiyo, hasa baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia.

Afrika ya Mashariki na Kongo ziliingia katika utengenezaji wa bia ya viwandani wakati ambapo chupa ilikuwa imekwisha kulishinda pipa kwa safari ndefu za nchi za joto. Bia ya kwanza ya kampuni iliyoanzishwa Nairobi mwaka 1922 ilipelekwa katika Hoteli ya Stanley ikiwa katika makreti 10, na bia ya Primus ya Bralima, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1923 katika mji ambao leo ni Kinshasa, ilianza kutoka kiwandani mwishoni mwa mwaka 1926. Kiwanda kilicho karibu zaidi na Goma kilijengwa mwaka 1957 ng'ambo ya mpaka, huko Gisenyi, ufukweni mwa Ziwa Kivu, na kuanzia mwaka 1963 tanuri zake zilipata moto kutokana na gesi ya methani iliyovutwa kutoka kilindi cha ziwa hilo pale Cap Rubona, jambo ambalo watengenezaji wa Ulaya waliochoma makaa kwa karne nzima wangelionea wivu. Lakini ngozi ya ndani haikutoweka. Kifuniko cha bati cha chupa, kilichobuniwa na William Painter mwaka 1892, kilizibwa ndani kwa kipande cha gome la koki na sasa huzibwa kwa plastiki, na kopo la alumini hupakwa tabaka jembamba la kemikali ili bia isiguse chuma. Kazi iliyofanywa na lami inafanywa na vitu vingine.

Wala wazo lenyewe si geni kwa wenyeji wa ukanda huu. Mafundi wa majahazi ya pwani ya Waswahili huziba nafasi za mbao kwa kalafati ya pamba na kuipaka sehemu ya chini deheni, yaani mchanganyiko wa chokaa na mafuta ya wanyama. Wakalenjin wa Kenya, wanapoandaa maziwa yaliyoganda yaitwayo mursik, huwasha kijiti cha mti ambao wataalamu huuita Senna didymobotrya, wakasugua kaa lake ndani ya kibuyu hadi kikapata tabaka jeusi, na tabaka hilo huzuia vijidudu viharibifu na kuyapa maziwa rangi na harufu yake maalumu. Hapa mantiki ni ileile ya Plzeň, tofauti ikiwa kwamba Wakalenjin wanaitaka ladha ya ngozi yao ya ndani, ambapo mpishi wa lager aliiona kuwa kasoro.

Kasiksi ilifuata njia nyingine kabisa. Ndizi huivishwa ndani ya shimo lililotandikwa majani ya mgomba, hukamuliwa pamoja na nyasi, na maji yake huchachushwa, mara nyingi kwa unga wa mtama uliokaangwa, ndani ya mtumbwi wa mbao uliochongwa kutoka kwenye gogo au ndani ya mtungi. Mtumbwi huo haupakwi kitu, na hauhitaji kupakwa, kwa sababu pombe hiyo huwa tayari kwa siku chache na hunywewa kabla haijageuka siki. Hamira zilizobaki katika mbao, ambazo zingekuwa adui wa lager, huko husaidia kuanzisha uchachukaji. Tatizo limezuka baada ya mtumbwi, pale pombe inapotiwa katika bidoni kwa ajili ya safari ya mjini.

Plastiki inaonekana laini, lakini ndani hukwaruzika kwa mchanga na mawe madogo yanayotumiwa kuisugua, na katika mikwaruzo hiyo bakteria hupata maficho yaleyale waliyoyapata katika mbao. Mbaya zaidi, plastiki hufyonza mafuta, na bidoni ambayo iliwahi kubeba petroli ya kadhafi, kama wanavyoitwa wauzaji wa mafuta wa kando ya barabara, haipotezi harufu wala sumu yake hata ikioshwa kwa sabuni mara nyingi, na kileo husaidia kuitoa tena. Pipa la bati lililopakwa zinki nalo halifai, maana asidi ya pombe ya ndizi huila zinki hiyo na kuiingiza katika kinywaji. Anayeuza kasiksi mjini Goma hahitaji lami wala mtambo wa kunyunyizia. Anahitaji bidoni ya chakula ambayo haikuwahi kubeba kitu kingine, aioshe kwa maji ya moto na brashi isiyokwaruza, na aitupe mara ndani yake inapoanza kuchakaa.