Moto wa Ndani ya Nyumba na Hewa Isiyoonekana

Leo tunataka kuzungumza nanyi juu ya moto tunaouingiza chumbani ili kujipasha joto. Sisi tukaao katika vilima vya Ngara, huku Mbuba na vijiji jirani, twaijua baridi ya usiku. Mama aliyejifungua huwekewa jiko la makaa karibu na kitanda, mlango hufungwa, na matambara hutiwa katika nyufa za dirisha, kusudi mtoto asipatwe na baridi. Nia ni njema, lakini njia ile yaweza kumwua mama pamoja na mtoto wake.

Na tuanze mbali kidogo. Katika nchi za theluji, nyumba nyingi zina tanuri la kupasha joto. Ndani yake mna ukuta wa chuma: upande mmoja ni moto na moshi, upande wa pili ni hewa ya kupeleka vyumbani. Joto hupenya chuma, bali moshi hutoka nje kwa bomba. Lakini chuma hicho hutanuka kipatapo moto na kunywea kipoapo, tena hushikwa na kutu. Hata baada ya miaka mingi hupasuka. Hapo fundi mwema hulizima tanuri, wala hakubali liwashwe mpaka ukuta ule ubadilishwe.

Kwetu, jiko la kuni la udongo lenye bomba hufanya kazi iyo hiyo: joto hubaki, moshi hutoka. Jiko la makaa la bati halina ukuta wala bomba. Basi tangu siku linunuliwapo, likiwekwa chumbani, li sawa na tanuri lililopasuka.

Mtu atasema, “Makaa yangu yamekwisha kuiva, hayana moshi.” Hapo ndipo penye hila. Makaa yakipata hewa ya kutosha hutoa kaboni daioksaidi. Yakipungukiwa hutoa na kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu. Mtu aivutapo, hiyo hushika ile rangi nyekundu ya damu ichukuayo oksijeni, nayo huishika kwa nguvu ipitayo ya oksijeni zaidi ya mara 200. Hivyo mtu hukosa pumzi ilhali anapumua. Mtoto aliye tumboni huumia zaidi.

Mtaalamu mmoja wa Uingereza, John Scott Haldane, aliivuta hewa hii mwenyewe ili kuijua. Katika mwaka 1896 alionyesha ya kuwa wengi waliokufa katika milipuko ya migodi ya makaa ya mawe hawakuuawa na mshindo, bali na hewa hii. Ndipo wachimbaji wakashauriwa kuchukua ndege wadogo shimoni, kwa kuwa ndege huzidiwa kabla ya mtu.

Sisi hatuna ndege wa kutuonya, lakini zipo dalili. Kichwa huuma, kizunguzungu huja, moyo huchafuka, miguu hulegea, na akili huvurugika. Ikiwa watu wawili au watatu wa chumba kimoja waumwa kichwa pamoja, nao wapata nafuu watokapo nje, msiseme ni malaria tu, wala msiseme wamelogwa. Litazameni jiko.

Ukimkuta mtu amezidiwa, fungua mlango na madirisha, umtoe nje upesi, kisha ulitoe jiko. Wewe nawe usikawie mle ndani. Mpeleke hospitali hata akiamka, ukawaambie waganga kwamba palikuwa na moto chumbani. Katika hewa ya kawaida sumu hii hupungua nusu kwa saa 4 au 5. Akipewa oksijeni safi, kwa muda wa saa 1 au zaidi kidogo.

Nao wenye jiko la bomba wasilale wakajiona salama. Usiku mmoja, jiko likiwa limepoa kabisa, tia taa ndani yake, uzime nyingine zote, utazame. Palipo na mwanga pana ufa. Weusi wa masizi ukutani ni shahidi vilevile. Ufa wa udongo huzibwa kwa udongo wa kichuguu uliochanganywa na mchanga, ukaachwa ukauke kabla ya kuwasha. Saruji ya kawaida haifai, maana hupasuka kwa moto. Bomba la bati lililotobolewa na kutu halizibwi; hubadilishwa. Tena lisafishwe masizi, kwa sababu bomba lililoziba huurudisha moshi ndani.

Na yule mama je? Mtoto alazwe kifuani pa mama yake, ngozi kwa ngozi, avikwe kofia, na wote wawili wafunikwe blanketi. Joto la mama halina sumu. Jiko la makaa na lipikie nje, na wakati wa kulala libaki huko huko.