Kununua kiwanja ugenini: Dalali anapogeuka mkalimani

Same. Anayehamia Maore akitafuta mahali pa kujenga, mara nyingi haelekezwi kwanza kwa mtendaji wa kijiji. Anaelekezwa kwa dalali, kijana wa bodaboda au mzee wa kijiweni anayejua nani anatafuta ada ya mtoto, nani amechoka na shamba lake na nani amerithi eneo asilolilima.

Kwa familia inayozungumza Kiswahili cha kuombea maji tu, mtu huyo anakuwa zaidi ya dalali. Anakuwa mdomo na masikio yao.

Maore iko tambarare, chini ya milima ya Upare, kando ya barabara inayotoka Same kupitia Kisiwani kwenda Ndungu na Mkomazi. Wenyeji ni Wapare na lugha yao ni Chasu, lakini ukanda huo una Wamaasai, Wasambaa na Wakamba pia. Upande wa pili ni Mkomazi, iliyofanywa pori la akiba mwaka 1951 na kupandishwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2008. Wafugaji walipoondolewa porini mwaka 1988, baadhi ya familia zililazimika kutafuta makazi katika vijiji vya pembezoni.

Kwa hiyo mezani anaweza kukaa muuzaji anayeshauriana na wanawe kwa Chasu, na mnunuzi anayemuuliza mkewe kwa Kimaasai. Katikati yupo dalali, ndiye pekee anayezielewa pande zote mbili.

Na hapo ndipo penye shida, kwa sababu dalali naye ana maslahi yake.

Kila aliyewahi kupanga chumba mjini anakijua "cha juu". Tuseme muuzaji ametaja milioni mbili. Dalali anamwambia mnunuzi milioni mbili na nusu, na ile nusu inabaki mfukoni mwake, mbali na malipo yake ya udalali. Muuzaji na mnunuzi wakizungumza lugha moja, mchezo huo hufichuka kwa swali moja tu. Wasipoelewana, hakuna wa kuuliza.

Si kwamba madalali wote ni matapeli. Wengine ndio waliowaokoa wageni wasinunue eneo lenye kesi. Lakini anayelipwa mauzo yakifanyika hawezi kuwa mkalimani pekee wa mauzo hayo, hata awe mcha Mungu kiasi gani. Familia ije na mtu wake, awe mwalimu, mwanafunzi wa sekondari au jirani anayeijua lugha ya muuzaji na asiye na senti yoyote katika biashara hiyo. Bei itajwe na muuzaji mwenyewe, kwa kinywa chake, mbele ya wote.

Malipo ya dalali nayo yajulikane mapema: ni kiasi gani, anayelipa ni nani, na atalipwa lini. Busara ni kumlipa baada ya kijiji kuidhinisha, si siku ya kuonyeshwa kiwanja.

Dalali mzuri anajulikana kwa mambo anayoyasema bila kuulizwa. Atasema kama eneo lina zamu ya maji ya mfereji au halina, maana huku chini shamba lisilo na zamu huwa rahisi kwa sababu. Atamweleza mgeni kuhusu msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji ambayo mhamiaji naye hutarajiwa kutokea na jembe lake. Ataonyesha njia ya tembo wanaotoka hifadhini, na korongo ambalo kiangazi linaonekana kama njia ya kupitisha mbuzi.

Hilo la korongo si dogo. Mwaka 2009, maporomoko ya udongo katika kijiji cha Goha, Mamba Myamba, juu milimani katika wilaya hiyohiyo ya Same, yaliua zaidi ya watu 20. Maji ya milimani hushuka tambarare. Mzazi akitazame kiwanja wakati wa masika, au angalau awaulize majirani maji hupita wapi. Aulize pia zahanati iko umbali gani kwa mguu usiku, mtoto akishikwa na homa. Karibu na mashamba ya mpunga mbu hawakosekani, hivyo vyandarua viingie kwenye bajeti pamoja na mabati.

Mama naye aelewe

Katika familia nyingi baba ndiye hukaa na dalali, mama akaja kuambiwa wamepata kiwanja. Akiwa ndiye asiyejua Kiswahili kabisa, anaweza kuishi miaka kumi juu ya ardhi ambayo hajui imeandikwa jina la nani.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hairuhusu mwanandoa mmoja kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Kwa hiyo mnunuzi amuulize muuzaji: mkeo yuko wapi, na amekubali? Kisha ageukie upande wake, kwani hatimiliki ya kimila inaweza kubeba majina ya mume na mke pamoja. Kabla dole gumba halijagusa wino, hati isomwe yote na kutafsiriwa, mama akiwepo.

Ardhi ya kijiji inasimamiwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Mauziano yapelekwe kwa halmashauri ya kijiji yakaidhinishwe. Muhuri wa dalali, kama anao, hautoshi. Kama eneo si la mtu bali linagawiwa na kijiji, lazima mkutano mkuu wa kijiji uwe umekubali kwanza. Majirani wa mipaka yote wawepo siku ya kupima, na fedha ipitie benki au simu ili ibaki kumbukumbu.

Kwa wasio raia mlango ni mwembamba zaidi. Shemeji wa upande wa Taveta, Kenya, au mgeni wa kutoka Korea, hamilikishwi ardhi Tanzania isipokuwa kwa uwekezaji, kwa utaratibu wake. Dalali anayemwambia "tutaandika jina la mtu mwingine" anamtengenezea kesi.

Mgogoro ukizuka, pa kuanzia ni Baraza la Ardhi la Kijiji. Lina wajumbe 7, na watatu kati yao ni wanawake. Kazi yake ni kusuluhisha. Anayekwenda huko abebe hati, kumbukumbu za malipo na majina ya mashahidi, na aende na mkalimani wake mwenyewe.