Mama Mzee Asiwekwe Pembeni

Mama zetu wakizeeka, wengi wetu hudhani tumewatunza vya kutosha tukiwapa chakula, khanga mpya na kiti kivulini. Tunamnyang'anya mama jembe na kumwambia, "Sasa pumzika." Nia yetu ni njema. Lakini baada ya miezi michache mama yule aliyekuwa mcheshi amenyamaza na hataki kula. Tumpeleke hospitali, naam. Lakini tukumbuke kwamba mara nyingi kinachomwuma ni kuona kuwa hahitajiki tena.

Huku Lulindi, kama kwingineko Masasi na Newala, Wamakua, Wayao na Wamakonde huhesabu ukoo kwa upande wa mama. Ndiyo maana bibi alikuwa na neno nyumbani, na wasichana walifundwa unyagoni na wanawake wazee. Askofu Vincent Lucas, aliyeongoza Dayosisi ya Masasi tangu 1926 hadi 1944, hakupiga marufuku jando, bali alilifanya la Kikristo. Hivyo wazee waumini waliendelea kuwa na sehemu yao katika kuwalea vijana.

Hata Mary Sumner, aliyeanzisha Mothers' Union huko Uingereza mwaka 1876, alikuwa tayari amepata mjukuu. Aliishi hadi miaka 92.

Elimu ya leo inakubaliana na desturi hiyo. Mwaka 2010 watafiti wa Marekani walijumlisha matokeo ya tafiti 148, zenye watu zaidi ya 300,000. Waliona kwamba wenye uhusiano imara na wenzao walikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kuendelea kuishi, kwa asilimia 50, kuliko wapweke.

Basi tufanye nini?

1. Tumwachie kazi anayoiweza na kuipenda: kuokota korosho karibu na nyumba, kupeta nafaka, kusuka ukili. Asikatazwe, wala asilazimishwe.

2. Tumfikishe kwa wenzake, kanisani, msibani na kwenye kikundi cha akina mama. Kama miguu haimchukui, kikundi kikutane barazani kwake.

3. Tumshirikishe katika mashauri. Posa inapoletwa, au fedha za korosho zinapogawanywa, aulizwe kabla ya uamuzi, asiletewe habari tu. Na kabla ya kumhamishia Dar es Salaam, tumwulize kama anataka kuwaacha majirani aliozeeka nao.

4. Tusimgeuze yaya. Kumpelekea wajukuu wanne bila fedha ya chakula wala ya daftari si kumheshimu, ni kumtwisha mzigo. Kushiriki kunakofurahisha ni kule alikokubali mwenyewe.

Wahenga walisema jungu kuu halikosi ukoko. Lakini nani ataupata, ikiwa jungu limewekwa pembeni? Akina mama, watoto wetu wanatutazama. Jinsi tunavyoishi na mama zetu na mama wakwe zetu leo, ndivyo nao watakavyojifunza kuishi nasi kesho.