Ahadi ya Mwenyezi Mungu Haichelewi

Kila sifa njema anastahiki Mwenyezi Mungu (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.).

Ndugu Waislamu, njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo ikapita Tabora hadi Ujiji iliwafunza watu kungojea. Kutoka pwani hadi Tabora pekee, kwa miguu, ilikuwa takriban miezi mitatu. Machi 1872, huko Kwihara, jirani na Tabora, Henry Stanley alimwahidi David Livingstone kuwa angemletea wapagazi kutoka pwani. Livingstone alingoja hadi Agosti ndipo walipowasili. Ahadi haikuvunjwa, bali njia ilikuwa ndefu.

Ikiwa neno la mwanadamu, ambaye huugua na kufa njiani, liliaminiwa kwa miezi mitano, vipi tulitilie shaka neno la Mola asiyechoka wala kusahau?

Tukumbuke Hudaybiya. Mwaka wa 6 Hijria, Masahaba walitoka Madina wakiwa na yakini ya kuizuru Al-Kaaba, kwani Mtume (s.a.w.) alikuwa ameoteshwa hivyo. Makuraishi wakawazuia. Sayyidna Umar (r.a.) alipouliza juu ya ahadi ile, Mtume alimuuliza kama aliwahi kumwambia kuwa ni mwaka huo huo. Mwaka uliofuata waliingia Makka kwa Umra, na mwaka wa 8 Makka ikafunguliwa. Ahadi haikuchelewa hata siku moja. Watu ndio waliojiwekea tarehe.

Huo ndio mtihani wetu nyumbani. Mgonjwa huomba shifaa, mzazi humwombea mwanawe kazi, mkulima huomba mvua. Siku zikipita husema ameomba asijibiwe, kisha hukimbilia kwa mganga au kwenye mkopo wa riba. Mtume (s.a.w.) ametutahadharisha na pupa hiyo katika dua. Wala kungojea si kukaa bure: mpagazi alifika kwa kutembea kila siku. Nasi tutafute dawa, tulime, tusali, tusubiri.

Aidha, tujihesabu. Tunamtaka Mola asituchelewee, ilhali kibarua wetu yuko mlangoni akidai ujira, na mdai wetu tunamzungusha kila mwezi. Mwenye kuamini ahadi ya Mola wake, naye hutimiza ya kwake kwa wakati.

Tunamuomba Allah atujaalie yakini na subira. Amin.