Juu Kuliko Miti

Saa kumi alfajiri, mwezi wa Julai, maegesho ya magari ya Bear Lake tayari yana pilikapilika. Watu wanafunga viatu kwa mwanga wa taa za kichwani, wengine wanahesabu chupa za maji, wengine wamejikunyata ndani ya makoti wakisubiri mwenzao amalize chai. Hapa ni ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Rocky Mountain, jimbo la Colorado, Marekani, na kati ya watalii zaidi ya milioni 4 wanaoitembelea hifadhi hii kila mwaka, hawa ndio waliokuja kupanda hadi kule ambako miti huishia.

Kuwahi kwao kuna sababu mbili. Ya kwanza ni ya utaratibu: katika miaka ya karibuni, anayetaka kuingia barabara ya Bear Lake wakati wa majira ya joto hulazimika kuweka nafasi kwa saa maalumu, isipokuwa awe amepita getini kabla ya saa kumi na moja alfajiri. Ya pili haina nafasi ya kuwekwa wala geti la kupita. Ni radi. Karibu kila alasiri ya Julai na Agosti mawingu hujikusanya juu ya vilele hivi, na mtu aliye mlimani saa nane mchana, mahali pasipo na mti hata mmoja, ndiye kitu kirefu kuliko vyote katika eneo lake.

Safari yenyewe ni ya siku moja. Kutoka Bear Lake, kwenye mita 2,888 juu ya usawa wa bahari, njia hupanda kilomita 7 hivi hadi Flattop Mountain, mita 3,756. Wenye nguvu zaidi huendelea chini ya kilomita moja hadi kilele cha Hallett, mita 3,875. Kwenda na kurudi ni kama kilomita 16. Mtanzania aliyewahi kupanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu atazielewa namba hizi haraka, maana kambi ya Horombo iko mita 3,720, karibu sawa kabisa na mgongo wa Flattop. Tofauti ni kwamba waongozaji wa Marangu humfikisha mgeni Horombo siku ya pili, wakimwimbia "pole pole" hatua kwa hatua, ilhali hapa mtu anaweza kulala Denver, mji ulio kwenye mita 1,600 hivi, akaendesha gari usiku, na kufika kimo kile kabla ya saa nne asubuhi. Huko juu kila pumzi huingiza karibu theluthi mbili tu ya oksijeni anayoipata mtu wa pwani. Kichwa kinachogonga na kichefuchefu ni mambo ya kawaida, na dawa ya kweli ni moja: kushuka. Anayeweza kulala usiku mmoja au miwili Estes Park, mji ulio jirani na geti la hifadhi, kabla ya kupanda, hufanya jambo la busara.

Saa ya kwanza na ya pili ni za msituni. Misonobari na ndugu zake hufunika njia, na kwa kushoto hufunguka mandhari ya maziwa mawili, Dream na Emerald, yaliyolala chini kabisa ya bonde. Kisha miti huanza kupungua kimo. Ile iliyokuwa mita 20 inakuwa mita 5, halafu inafika kiunoni. Mingine ina matawi upande mmoja tu, kwa sababu upande wa upepo machipukizi yote yamekaushwa na kukwanguliwa na chembe za barafu. Mingine imelala kabisa chini, ikitambaa nyuma ya jiwe. Mtu anaweza kuudhani ni mche uliopandwa juzi, kumbe ni mti wenye umri wa mamia ya miaka.

Kwa nini miti hukoma? Si kwa ajili ya baridi kali ya majira ya baridi peke yake, kama wengi wanavyofikiri. Shida kubwa ni majira ya joto kuwa hafifu mno. Mti una gharama: shina, matawi, mizizi mirefu, vyote vinahitaji kujengwa kila mwaka. Pale ambapo wastani wa joto katika mwezi wenye joto kuliko yote haufiki nyuzi 10 hivi za Selsiasi, siku za kukua hazitoshi kulipia gharama hiyo. Kwenye njia ya Flattop mpaka huo uko kwenye mita 3,400 na ushee. Hatua mia chache zaidi, na anga lote linafunguka. Hii ndiyo tundra ya milimani.

Kwa mbali haina cha kujivunia. Ni majani mafupi, mawe yenye madoa ya kijani na chungwa, na upepo. Wengi huivuka wakiwa wamekazia macho kilele. Hilo ni kosa, kwa sababu utajiri wa mahali hapa uko chini ya goti, na anayetaka kuuona hana budi kupiga magoti.

Akipiga magoti, ataona mmea mdogo wa kijani uliobana ardhini kama mto wa kulalia, umejaa maua ya waridi yasiyozidi ukubwa wa kifungo cha shati. Wanasayansi huuita Silene acaulis. Majani yake yamesongamana hivi kwamba upepo unapita juu bila kupenya, na ndani yake kuna joto kuliko hewa iliyo juu yake. Majani yaliyokufa hayaanguki mbali. Hubaki humo humo yakawa udongo na kushika maji. Mzizi mmoja mnene huchimba chini sana kumshinda yeyote atakayetaka kuung'oa. Mmea huu hutumia miaka yake ya kwanza kujenga mzizi, na mmoja wenye upana wa sentimita chache tu unaweza kuwa umeshamaliza miaka kumi duniani. Karibu yake kuna maua ya buluu, madogo zaidi, Eritrichium nanum, yenye harufu tamu ambayo mtu aliyesimama hataipata kamwe. Na kuna ua la njano kubwa kuliko yote, Hymenoxys grandiflora, lililofunikwa manyoya meupe kama sufu. Hili hukusanya akiba kwa miaka mingi, huchanua mara moja, kisha hufa. Maua yake mengi huelekea mashariki.

Hapa ndipo Horombo na Flattop zinapoachana. Kilimanjaro iko karibu na Ikweta: barafu huweza kuganda usiku wowote wa mwaka, na jua likarudi mchana wowote wa mwaka. Mimea ya seneshio, ile mirefu kumshinda mtu, huweza kukua polepole bila kusimama, ikiwa imevaa majani yake makavu kama koti la usiku. Colorado, nyuzi 40 kaskazini, mmea hupewa wiki chache tu kati ya Juni na Agosti. Kabla na baada ya hapo ni theluji, na ni upepo ambao katika milima hii umepimwa ukipita kilomita 160 kwa saa. Ndiyo maana kila kitu hapa kimejifanya kifupi.

Na ndiyo maana kiatu ni hatari. Mmea uliovumilia upepo wa namna ile hauna kinga dhidi ya soli ya mpira inayokanyaga mahali pamoja mara kumi kwa siku. Jambo hili si hisia za wapenda maua; lilipimwa. Mwaka 1959, Beatrice Willard, aliyekuwa akisomea uzamivu wa ikolojia katika Chuo Kikuu cha Colorado, aliweka uzio kuzunguka vipande viwili vidogo vya tundra kando ya barabara ya Trail Ridge, mahali ambapo tangu miaka ya 1930 watalii walikuwa wakisimamisha magari na kutembea huku na huko. Alivifuatilia kwa takriban miaka 40. Mimea ilirudi, lakini kwa mwendo wa kobe, na Willard alifikia hitimisho kwamba pale ambapo udongo wenyewe umechukuliwa na upepo, kurejea kikamilifu kutahitaji karne kadhaa. Mwaka 2007 vipande hivyo viliingizwa katika orodha ya taifa ya maeneo ya kihistoria, heshima ambayo kwa kawaida hupewa majengo.

Kwa hiyo ombi la askari wa hifadhi ni jepesi: baki njiani, hata kama njia ina matope au theluji. Ukilazimika kutoka, kanyaga mawe.

Kwenye mawe hayo hayo utasikia mlio mkali, mfupi, kama wa mwanasesere aliyebanwa. Ni pika, mnyama wa jamii ya sungura anayetosha kwenye kiganja, mwenye masikio ya mviringo na asiye na mkia wa kuonekana. Mtazame dakika tano. Atatoka kwenye pango lake la mawe, atakata majani na maua, atarudi mbio na shada mdomoni linalozidi kichwa chake, atalitandaza, kisha atakwenda tena. Pika halali usingizi wa majira ya baridi. Anaishi chini ya theluji akila nyasi alizojiwekea. Manyoya yanayomwokoa Januari humtesa Julai, kiasi kwamba saa chache za joto la nyuzi 25 bila kivuli zinaweza kumuua. Mawe yenye ubaridi ndani yake ndiyo makazi pekee yanayomfaa, na milima inapozidi kupata joto, hana mahali pa juu zaidi pa kuhamia.

Jirani yake, mamoti, ni mnyama mnene wa jamii ya kindi, wa rangi ya kahawia, anayeishi kinyume chake. Yeye hula mpaka anenepe, kisha hulala zaidi ya nusu ya mwaka. Anapenda chumvi, na begi lenye mikanda iliyolowa jasho likiachwa peke yake linaweza kukutwa limetafunwa.

Flattop yenyewe ni tambarare kweli, kama jina lake. Wengi huuliza kilele kiko wapi wakiwa wamekisimamia. Upepo wa magharibi hufagia theluji kwenye uwanda huu miezi yote ya baridi na kuimwaga kwenye korongo la upande wa mashariki, na humo, kati ya Flattop na Hallett, ndimo ulimo mto wa barafu wa Tyndall. Bila theluji hiyo ya kuletwa na upepo barafu hii isingekuwapo. Jua la Colorado lingeshaimaliza. Jina lake ni la John Tyndall, mwanafizikia mzaliwa wa Ireland na mpanda milima hodari, ambaye kuanzia mwaka 1859 alionyesha maabarani, London, kwamba mvuke wa maji na hewa ya ukaa huzuia joto lisitoroke. Barafu yenye jina la mtu huyo sasa inapungua kwa sababu ile ile aliyoipima.

Uwanda huu pia ni mgongo wa bara. Tone likianguka magharibi huelekea mto Colorado na upande wa Bahari ya Pasifiki. Likianguka mashariki, huingia mto Big Thompson, likafuata Platte, Missouri na Mississippi hadi Ghuba ya Mexico. Ndivyo ilivyokuwa mpaka binadamu alipoingilia. Chini ya hifadhi hii, ndani ya mwamba, kuna handaki la Alva B. Adams lenye urefu wa kilomita 21. Wachimbaji walianza kila mmoja upande wake na kukutana mwaka 1944. Handaki hilo huchukua maji ya magharibi na kuyapeleka mashariki kwenye mashamba na miji.

Watu walivuka hapa zamani kabla ya ramani. Kwenye migongo ya milima ya hifadhi kuna kuta fupi za mawe zilizojengwa na wawindaji wa kale ili kuwaswaga kulungu wakubwa na kondoo-mwitu kuelekea walipojificha wenye silaha. Mwaka 1914, miezi michache kabla hifadhi haijatangazwa Januari 1915, wazee wawili wa Waarapaho, Gun Griswold na Sherman Sage, waliletwa kutoka Wyoming pamoja na mkalimani Tom Crispin. Walizunguka milima hii kwa farasi wiki mbili wakitaja majina ya vilele na njia walizozijua tangu ujana wao. Watu wao walikuwa wamekwisha kuondolewa Colorado.

Kutoka Flattop hadi Hallett hakuna njia iliyotengenezwa. Ni vijirundo vya mawe vinavyoelekeza, halafu mita 120 hivi za kupanda kwa mikono na miguu juu ya mawe makubwa. Ni sehemu fupi, lakini pumzi hukatika. Kabla ya kuianza kuna jambo moja la kufanya: kutazama magharibi. Mawingu meupe yaliyovimba kwenda juu saa nne asubuhi ni habari mbaya. Jua limepasha miteremko, hewa yenye unyevu imepanda, na saa moja au mbili baadaye radi itapiga. Kanuni ya wenyeji ni kuwa chini ya mpaka wa miti ifikapo saa sita mchana. Nywele zikisimama, au fimbo ya chuma ikianza kuvuma, muda umekwisha: shuka mara moja, kaa mbali na mti uliosimama peke yake, na kundi litawanyike ili radi moja isiwapate wote. Julai 2014, watu wawili waliuawa na radi katika hifadhi hii kwa siku mbili mfululizo, mmoja wao akiwa kwenye kituo cha kutazamia mandhari kando ya barabara.

Asiyeweza kupanda, awe mzee au mtoto, hajanyimwa tundra. Barabara ya Trail Ridge hufika mita 3,713 na kwa kawaida hufunguliwa mwishoni mwa Mei hadi katikati ya Oktoba. Mahali paitwapo Rock Cut kuna kijia cha lami kinachopita katikati ya mimea ile ile, umbali wa kutembea chini ya saa moja kwenda na kurudi, na kimoja cha vipande vya Willard kiko hapo karibu.