Stika za matatu zapunguza madai ya bima: Nani apewe zawadi?

WAMILIKI wa mabasi madogo, kampuni za bima na madereva wana jambo moja linalowakutanisha kila mwaka unapofungwa, nalo ni hesabu ya ajali. Kwa mwenye gari ajali ni siku za gari kulala gereji bila kuingiza hata senti. Kwa kampuni ya bima ni fomu za madai. Kwa dereva ni kibarua kuota nyasi, kama si maisha yenyewe.

Hata hivyo, linapokuja suala la kumtambua anayezuia ajali, soko limekuwa zito. Dereva anayevunja sheria hutozwa faini, lakini mwenzake anayemaliza mwaka mzima bila kugonga hata kioo cha pembeni hapati kitu. Punguzo la bima kwa asiyedai, pale linapotolewa, huenda kwa mwenye gari. Aliyeshika usukani halioni.

Kenya ndiko ambako jambo hilo limewahi kupimwa kwa tarakimu. Watafiti wawili wa uchumi wa Chuo Kikuu cha Georgetown nchini Marekani, James Habyarimana na William Jack, walibandika stika ndani ya matatu zaidi ya 1,000 za safari ndefu, zilizochaguliwa kwa kura, na kuzilinganisha na nyingine ambazo hazikubandikwa.

Stika hizo hazikumwambia dereva chochote. Zilimwambia abiria: usikae kimya, dereva akienda ovyo paza sauti. Nyingine zilikuwa na picha za majeruhi, za kutia hofu kweli kweli.

Tatizo lilikuwa dhahiri tangu mwanzo. Dereva gani atakayekubali kubeba karatasi inayowachochea abiria wamgombeze? Ndipo ikaanzishwa bahati nasibu ya kila wiki. Dereva aliyekutwa na stika zake zote mahali pake aliweza kujipatia hadi Sh. 5,000 za Kenya. Zawadi hiyo haikuwa kubwa, lakini ilimwendea dereva mwenyewe mkononi, na kwa watu wa kituoni hilo ni jambo la kuzungumzwa.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2011. Bila stika, takriban gari 10 kati ya kila 100 zilikuwa zinapeleka madai ya bima kwa mwaka. Kwa zilizobandikwa, madai yalishuka kwa kati ya nusu na theluthi mbili, na yale yaliyohusu majeruhi au vifo yalipungua kwa asilimia 50 au zaidi. Kumbukumbu zilizotumika zilikuwa za bima, siyo maneno ya madereva.

Kwa lugha ya biashara, mwenye magari 20 aliyezoea kupeleka madai mawili kwa mwaka angebaki na moja, au pungufu ya hapo. Anayejua bei ya bodi, taa na siku za kukaa bila hesabu hahitaji kufafanuliwa zaidi.

Lakini mfanyabiashara makini haweki mtaji kwa jaribio moja, na hapa ndipo habari inapokuwa ya manufaa zaidi. Watafiti hao walirudia kazi hiyo kwa magari yapatayo 12,000, na ripoti yake ikatoka mwaka 2015. Safari hii madai yalipungua kwa kati ya robo na theluthi. Ni pungufu ya mara ya kwanza, na wapo watakaosema stika zimeishiwa nguvu. Pengine ni haki zaidi kusema kwamba jaribio la pili, kwa ukubwa wake, ndilo la kutegemewa. Kwa makadirio yao ajali zilikuwa pungufu kwa 140 kwa mwaka kuliko zilivyotarajiwa.

Katika ripoti hiyo yamo mambo mawili ambayo wenye kampuni wangefaa kuyatazama kabla ya kutoa fedha za matangazo. La kwanza, stika zilizowataka abiria waungane na kusema kwa pamoja ndizo zilizofanya kazi zaidi. Abiria mmoja akilalamika huambiwa anunue gari lake. Kumi wakilalamika makanga mwenyewe humwambia dereva apunguze. La pili, kampeni ya redio iliyoambatana na stika haikuonekana kubadili chochote katika madai ya bima. Redio ni ghali, stika ni karatasi, na mara hii karatasi ndiyo iliyoshinda.

Mwendo wenyewe ulipungua kwa kilomita moja au mbili tu kwa saa. Wengine watacheka. Lakini Shirika la Afya Duniani (WHO) hukadiria kuwa kila asilimia moja inayoongezeka katika mwendo wa wastani huongeza hatari ya ajali ya kuua kwa asilimia nne. Kwa gari linalokwenda wastani wa kilomita 50 kwa saa, kilomita moja ni asilimia mbili. Hesabu hiyo haichekeshi tena.

Gharama pia zilipigwa. Kwa stika zilizofanya vizuri zaidi, kuokoa mwaka mmoja wa maisha ya mtu yenye afya kuligharimu kati ya dola 10 na 45 za Marekani. Mwaka huo huo wa 2015 mpango huo, ambao sasa ulijulikana kwa jina la Zusha, ulisambazwa nchini Kenya kwa kushirikiana na Mamlaka ya Taifa ya Usafiri na Usalama, NTSA.

Kenya ilikuwa imeshapitia njia ya fimbo. Februari 2004 Waziri wa Uchukuzi wa wakati huo, John Michuki, alianza kutekeleza kanuni zilizobaki na jina lake: vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa, mikanda ya usalama, mstari wa manjano ubavuni na abiria wasiozidi 14. Matatu ziligoma, watu wakatembea kwa miguu, kisha nidhamu ikaonekana. Baada ya muda vidhibiti vikaanza kuchezewa na mafundi wa mtaani. Fimbo inahitaji mtu wa kuishika kila siku, wakati abiria yumo ndani ya gari muda wote na hadai mshahara.

Kwa upande wa Tanzania, sifa iliyopatikana ni ya aina nyingine. Aprili 2019 mjini New York, shirika la Amend lilipewa tuzo ya kwanza ya miji ya WRI Ross, yenye thamani ya dola 250,000, kwa mpango wake wa kuboresha barabara zinazozunguka shule, uitwao SARSAI. Mpango huo uliwashinda wenzake wa Medellín, Durban, Eskişehir na Pune.

Kazi yenyewe haina mbwembwe: matuta, vivuko, njia za waenda kwa miguu, nguzo za kuzuia magari, alama za barabarani, na mahali pengine geti la shule kuhamishiwa upande usio na barabara kubwa. Utafiti uliofanyika katika shule za msingi za Dar es Salaam ulionyesha watoto kuumia barabarani kumepungua kwa zaidi ya robo. Mzazi wa mtoto anayevuka barabara akiwa na mfuko wa madaftari mgongoni anajua robo hiyo ina maana gani. Mwenye daladala huenda analaani matuta kwa sababu ya springi zake, na hana makosa yote, maana springi hununuliwa kwa fedha yake.

Tuzo hiyo na bahati nasibu ya matatu zinafanana kwa jambo moja: zote zilitolewa kwa kitu kinachoonekana na kuhesabika. Hafla za kukabidhi vyeti kwa hotuba ndefu ni nyingi, na nyingine hutolewa kabla hata ya kujua kama ajali zimepungua.

Mahitaji ni makubwa. Ripoti ya WHO ya mwaka 2023 inaonyesha kuwa watu milioni 1.19 walikufa katika ajali za barabarani mwaka 2021, na asilimia 92 ya vifo hivyo vilitokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Wakati dunia kwa jumla ilipunguza vifo kwa asilimia tano tangu 2010, Afrika iliongeza kwa asilimia 17.

Kikwazo kikubwa kwa wafanyabiashara wa huku ni hesabu ya siku. Dereva aliyepangiwa kiasi cha kupeleka jioni, kisha kinachozidi ndicho chake, analipwa kwa kukimbia. Zawadi ya mara moja kwa wiki haiwezi kushindana na mapato ya kila tripu, labda mwenye gari naye aingie katika mpango na kuwa tayari kupokea pungufu siku ya foleni. Nchini Kenya kanuni za 2014 zinataka matatu ziwe chini ya kampuni au chama chenye magari yasiyopungua 30, na kundi la ukubwa huo linaweza kuendesha bahati nasibu yake lenyewe bila kusubiri mfadhili.

Jingine ni dogo lakini halina mwenyewe. Stika huchakaa. Jua huzipausha, waosha magari huzikwangua, na abiria wa dirishani huzichokoa kwa kucha foleni inapokuwa ndefu. Lazima mtu apite kituoni kubandika nyingine na kukagua nani kazitunza, na malipo ya mtu huyo hayajulikani yatatoka kwa mwenye gari, kwa bima au kwa Serikali.