Kituo cha Insia za Kidijitali Kianzie Rufiji

Mtu akifika Nyamwage, pale barabara ya Utete inapochepuka kutoka ile ya Lindi, ameshaingia nchi ya vita ya Maji Maji. Ngarambe, mganga Kinjikitile Ngwale alikogawa dawa ya vita hiyo, na Mohoro, Wajerumani walikomnyonga Agosti 4, 1905, zote zimo Rufiji hiihii. Mwaka 1968 wanafunzi wa historia wa Dar es Salaam, katika mradi ulioongozwa na John Iliffe na Gilbert Gwassa, waliwahoji wazee waliokuwa bado wanaikumbuka vita ile. Wazee hao hawapo tena. Yamebaki maandishi.

Vyuo vinapotaka kuanzisha kituo cha insia za kidijitali, yaani masomo ya historia na lugha yanayotumia kompyuta, mara nyingi hutangulia kuorodhesha kompyuta na skana. Mimi ningetanguliza karatasi kama zile, maana ndizo zinazoonyesha kazi ilivyo. Ukiskani ukurasa umepata picha tu. Nyaraka za Kijerumani huandika Mohorro, sisi Mohoro; msomaji akitafuta jina moja, mashine haitamletea la pili mpaka mtu ayaunganishe. Halafu kuna mahojiano yenyewe: nani aliuliza, mzee alijibu kwa Kindengereko, Kimatumbi au Kiswahili, na nani aliyatia katika Kiingereza? Fundi wa kompyuta hawezi kuyajibu hayo peke yake. Mwanahistoria na mwanaisimu wakae naye meza moja tangu siku ya kwanza, si kuja kuitwa mwishoni wakague.

Kuanzisha si kugumu sana. Fedha za mfadhili hupatikana. Taabu huja zikiisha. Vijana wa mkataba huondoka na nywila zao, ada ya jina la tovuti hailipwi, na kazi ya miaka hupotea hewani. Kwa hiyo nafasi ya mtunzaji, hata mmoja, iwe kwenye bajeti ya chuo chenyewe, chini ya maktaba. Faili ziwe za aina inayofunguka kwa programu yoyote, nakala zikae mahali zaidi ya pamoja. Na unukuzi uwe zoezi la darasani lenye alama, ili kila mwaka wapatikane wanafunzi wanaoijua kazi.

Nakala zirudi pia Rufiji, zisomeke kwenye simu. Wajukuu wa waliohojiwa wana haki ya kuulizwa kabla maneno ya babu zao hayajaanikwa, na wakisema jina limekosewa, awepo mtu chuoni wa kupokea simu na kulirekebisha.